Afande wa Theluji na Macho ya Bi Mkubwa

Nilikutana naye uwanja wa ndege. Ndege yangu ya Guangzhou ilikuwa imechelewa, na mimi, ambaye sina subira hata ya kungoja chai ipoe, niliingia duka la vitabu kwa hasira nikachukua kitabu kinene kuliko vyote. Kilikuwa cha Kiingereza, cha mpelelezi wa polisi wa huko kaskazini mwa Uswidi. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mkewe kamwacha, binti yake hapokei simu zake, anakunywa pombe peke yake, analala kwenye kochi na viatu miguuni, na chakula chake cha jioni ni mkate na jibini anaokula amesimama mbele ya sinki. Tulipotua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, nilikuwa namjua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Nilipogundua kwamba vitabu vyake viko tisa, nilivitafuta vyote nikaviweka kwenye simu.

Hadithi ukiwa nayo unataka mtu wa kumsimulia, na mimi nilikuwa naye. Pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou tunakokaa Waafrika wengi, sote tulimwita Bi Mkubwa, Mzanzibari wa miaka sitini na kitu, aliyeingia China wakati wengine tukiwa bado tunavaa sare za shule. Yeye ndiye aliyenifundisha biashara ya jinzi: kupapasa kitambaa kwa vidole viwili, kuvuta zipu mara kumi kabla ya kuisifu, na kumwambia tajiri wa kiwanda bu xing, yaani haiwezekani, huku unatabasamu. Tulikuwa tunachangia kontena. Suruali zangu za watoto na zake za kina mama zilisafiri pamoja mpaka Dar es Salaam, kisha zake zikavuka kwenda Unguja. Na kwa kuwa jicho lake lilisifika mtaa mzima, yeye ndiye aliyekagua mizigo yote, yake na yangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mikoba.

Kwenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, ni mwendo mrefu wa metro. Siku moja nilianza kumsimulia yule mpelelezi ili asisinzie, na kweli hakusinzia.

"Huyu mtu hana dada?" aliniuliza.

"Hajatajwa, Bi Mkubwa."

"Hana shangazi? Hana jirani wa kumpelekea japo bakuli la uji?"

"Jirani yupo, lakini hawasalimiani."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu."

"Lahaula!" Aliinua mikono yote miwili, na Wachina waliokaa mbele yetu wakainua macho kutoka kwenye simu zao.

Kilichomkera zaidi, hata hivyo, ni jua. Nilimwambia kwamba huko kwa mpelelezi, wakati wa baridi, jua linazama saa nane mchana. Kisha akaniuliza Waislamu wa huko Alasiri wanaiswali saa ngapi. Sikujua. Alimkasirikia mwandishi, kwamba mtu kajaza kurasa mia nne kwa theluji na maiti, na jambo la maana kama hilo hakuligusa.

Haikupita miezi mingi mpelelezi akawa mtu wa mtaani kwetu. Tulimpa jina la Afande. Nikipita Dengfeng, njia ya maduka pale Xiaobei, asubuhi, katikati ya wabadilisha fedha na meza za simu, nilikuwa nasikia mtu ananipigia kelele kutoka dukani: "Afande kaamkaje?" Dada mmoja muuza nywele alikuwa akisikia nusu nusu, akadhani ni mchumba wangu. Alinivuta pembeni akanishauri kwa huruma kabisa nimwache, mlevi habadiliki.

Bi Mkubwa alimsema Afande jinsi mtu anavyomsema mtoto wa dada yake. Dakika hii, "Mwache anywe, atakufa akitaka." Dakika inayofuata, "Na jana kala nini?"

Ndipo tukafika kitabu cha tatu, na katika kitabu cha tatu sikio la kushoto la Afande linaanza kufa. Hamwambii mtu. Kwenye mikutano anakaa upande ambao sikio zima litawaelekea wenzake. Asiposikia anaitikia kwa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo. Anafanya kazi na askari mmoja binti, mwerevu, anayemwamini kuliko baba yake mzazi, na hata huyo hamwambii.

"Mwanamume mzima!" Bi Mkubwa alifoka. "Hospitali ipo, ya serikali, si aende!"

"Anaogopa watamtoa kazini."

"Aogope kuua watu!"

Nami nilicheka, nikakubaliana naye, nikashika mikoba yake miwili kwa mkono mmoja ili mwingine uwe wazi, kwa kuwa siku hizo alipenda kunishika kiwiko tunaposhuka ngazi. Alisema ni goti. Alikuwa pia ameacha kuandika ujumbe wa simu, anatuma sauti tu, akisema vidole vimezeeka. Hotelini alimuuliza mpishi kuna nini leo, na picha za vyakula zimejaa ukuta mzima mbele yake. Yote hayo niliyaona na sikuyaunganisha. Nilikuwa nimesoma vitabu vya upelelezi vitatu na nusu, na akili yangu ilikuwa imelala fofofo.

Iliamshwa Xintang. Sisi wa jinzi tuna desturi yetu. Mkishakubaliana rangi, mguu mmoja wa suruali ya mfano unakatwa vipande viwili, vyote vinatiwa sahihi kwa kalamu isiyofutika. Kimoja anabaki nacho tajiri wa kiwanda, kimoja unaondoka nacho wewe. Siku mzigo ukiwa tayari unarudi na kipande chako, unakilaza juu ya suruali mpya karibu na dirisha, kwa maana taa za kiwandani zinapendezesha kila kitu. Rangi zikikutana, mzigo unafungwa. Zisipokutana, kelele zinaanza. Kwa miaka yote niliyomjua, Bi Mkubwa alikuwa akisogea dirishani na kipande chake, na kiwanda kizima kinanyamaza kungoja neno lake.

Siku hiyo kipande chetu kilikuwa cha buluu inayokaribia weusi. Suruali zilikuwa zimetoka kwenye kufuliwa zina ukijani wa maji ya bwawa. Mimi niliuona nikiwa bado mlangoni, nikaanza kujipanga kwa kelele. Bi Mkubwa alilaza kipande, akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa, akapitisha kiganja mara mbili.

"Sawasawa," alisema. "Fungeni."

Laobanniang, mke wa tajiri, alibaki mdomo wazi. Nadhani alikuwa ameshaandaa visingizio vyake vyote, maji, dawa, mashine, na hakuna aliyevihitaji. Alinitazama mimi. Nami nilimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane tulikuwa upande mmoja.

"Bi Mkubwa," nilisema haraka, "tusifunge kwanza. Mimi mishono ya za watoto sijaipenda."

Alipokwenda kuketi na kikombe chake cha chai nilimvuta laobanniang nyuma ya marobota. Kichina changu ni cha sokoni, kina rangi, zipu, mfuko na hapana, na siku hiyo hayo ndiyo maneno niliyoyahitaji. Alikubali kuzitia rangi upya zote, na hakubishana hata kidogo. Alimchungulia Bi Mkubwa pale kwenye kiti, akaleta sahani ya machungwa yaliyomenywa, akaiweka karibu kabisa na mkono wake.

Kwenye metro nilisemwa njia nzima. Mishono ile ina nini? Nimekuwa mwanamke wa visirani tangu lini? Nikamwambia ukali nimejifunza kwake. Hilo lilimfurahisha, akanisamehe kabla hatujafika Xiaobei.

Wiki hiyo nilifanya upelelezi wangu. Asubuhi moja nilisimama katikati ya njia pale Dengfeng, hatua tatu mbele yake, kimya, na mtandio wangu mwekundu anaoujua. Alinipita. Alinipita huku akiwa ameinua kidevu, na uso wake una tabasamu dogo la kumsalimia yeyote atakayesema naye kwanza. Nilisimama pale watu wakinisukuma na vitoroli, na sikuwa na hamu ya kucheka.

Nilijaribu kusema naye. "Bi Mkubwa, macho je?"

"Macho yangu yana nini?"

Ilikuwa sauti ile ya dirishani kiwandani. Nikasema hayana kitu, nikaongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Nilijua anaogopa nini. Alinisimulia zamani, siku tulipokuwa tunazungumza mambo mengine kabisa. Mama yake alipelekwa kwa mtu aliyejiita daktari wa macho, akarudi hata ule mwanga mdogo aliokuwa nao hana. Bi Mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyemshika mama yake mkono chooni, shambani na msikitini mpaka alipomzika. Sasa akiendelea hivi, kazi itakwenda, jina litakwenda, na mwisho mwanga wenyewe. Akienda hospitali, kwa hesabu za kichwani mwake, mwanga utakwenda siku hiyohiyo. Ungekuwa wewe ungechagua nini?

Kitabu cha nne nilikuwa nimeshakimaliza. Nilijua alichofanya Afande. Lakini safari iliyofuata ya Xintang, tulipokaa tu, nilijikuta namwambia Bi Mkubwa kwamba Afande kaenda hospitali.

Alinigeukia mwili mzima. "Kaenda mwenyewe?"

"Mwenyewe. Yule askari binti alimsindikiza."

"Kachomwa sindano?"

"Moja tu, ya ganzi."

"Ikauma?"

"Kama ya mbu." Uongo ukishaanza una utamu wake. Nikamweleza daktari, mwanamke mpole mwenye mikono ya moto. Nikamweleza kitanda, shuka, na muziki wa taratibu. Akauliza Afande alikuwa macho au amelala wakati wanamkata, nikasema macho, anazungumza. Akauliza alivaa nini. Akauliza damu. Nikasema tone. Kisha nikampa Afande sikio lake. Katoka nje, kasikia theluji inadondoka kutoka paani, kasimama njiani analia kwa furaha, na binti yake akapiga simu. Hapo nilizidisha, nakiri, lakini nilikuwa nimemhurumia yule mtu kwa vitabu vinne na sikuweza kujizuia.

Tulipokuwa tunashuka, mkono kwenye kiwiko changu, alisema bila kunitazama, "Madaktari wa namna hiyo, hapa Guangzhou wapo?"

"Nimesikia wapo."

Jumatatu tulikwenda hospitali ya macho. Ilikuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa umeshakomaa. Daktari alituambia kupitia simu inayotafsiri kwamba ni kazi ya dakika chache, wataanza na jicho moja Alhamisi. Bi Mkubwa aliitikia kwa heshima. Nje alininunulia viazi vitamu vya kuchoma, akasema Afande ni mtu mwenye akili sana akiamua.

Jumatano tukala mchana hotelini Dengfeng. Mezani akajiunga kaka mmoja wa Nairobi anayenunua makava ya simu, mcheshi, msomaji, mtu niliyempenda sana mpaka siku hiyo. Bi Mkubwa alianza kumtangazia habari za Afande na upasuaji wake, pamoja na muziki wa taratibu.

Kaka yule aliweka kijiko chini, akatikisa kichwa kukataa. "Zi, mathe. Hiyo si ya kwenye buku."

Nilimpiga teke chini ya meza.

"Mbona unanipiga teke?" aliniuliza kwa sauti, kisha akamgeukia Bi Mkubwa. "Mimi hiyo buku nimesoma mara mbili. Huyo buda, Afande wenu, hakuwahi kanyaga hosi. Aliona aibu hadi mwisho."

"Na yule askari binti?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Si aligongwa na gari! Alimwita buda amtoe njiani, lakini alikuwa ile upande ya sikio mbovu. Buda hakuskia. Msichana wa watu sasa ako kwa kiti ya magurudumu."

Bi Mkubwa aligeuka. Hakunitazama usoni, alitazama kidogo kulia kwangu, mahali alipodhani nipo. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya."

"Kwa nini?"

Ningeweza kuomba radhi nikanyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza. "Kwa sababu huoni!" nilisema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Umekubali mzigo wa kijani ukadhani buluu. Umenipita njiani ukidhani sipo. Ningefanya nini, niseme, unipe ile sauti yako?"

Bi Mkubwa alisimama, pilau yake nusu iko sahanini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaelekea mlangoni kichwa juu. Njiani alijigonga kwenye kiti kilichokuwa wazi, akakigusa kwa heshima na kukiambia, "Samahani, mwanangu." Akatoka. Hakuna aliyecheka. Kaka wa Nairobi alifuta uso kwa leso, akaniambia angejua angekula kwake.

Alhamisi nilikwenda mlangoni kwake saa moja asubuhi, nikiwa na maneno yangu ya kuomba radhi niliyoyapanga tangu alfajiri. Sikutegemea afungue. Nilikuta mlango wazi, naye ameketi kitandani, baibui tayari, mkoba mapajani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umechelewa."

Nilianza ile radhi yangu niliyoipanga, akanikata.

"Usidhani ni kwa ajili ya yule Afande wako wa kutunga," alisema. "Yule alikuwa mzuri mno, ati kachomwa sindano kaimba. N'likwenda naye hospitali kwa kukustahi tu, na leo n'likuwa n'takimbia, wallahi n'nakwambia. Jana ndo kanijia Afande wa kweli. Mwenye aibu yake. Huyo namjua, huyo ni mie." Akajifunga mtandio. "Lakini ulinificha yule binti. Na yule binti ni wewe. Suruali zako za watoto zingekwenda kijani, na wewe ungenyamaza usinivunjie heshima. Basi twende, kabla sijageuka."

Nilichukua mkoba wake, nikampa kiwiko, na mara hii hakutaja goti.

Upasuaji ulikuwa wa dakika chache, kama walivyosema. Muziki haukuwepo, na sindano ilimuuma, na aliwaambia wauguzi kwa Kiswahili mambo ambayo namshukuru Mungu simu haikuyatafsiri. Mimi nilingoja nje na pakiti ya biskuti. Niliogopa. Uongo ulikuwa wangu, na kama angetoka bila mwanga, ni mkono wangu ndio uliomleta pale.

Kesho yake asubuhi tulirudi wakamfungua bendeji. Daktari alimtaka ataje anachoona ukutani. Bi Mkubwa hakutazama ukuta. Alinitazama mimi, mara hii mimi hasa, si hewa ya pembeni yangu. Alitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya. Kisha akanyoosha mkono, akausogeza nyuma mtandio wangu.

"Mvi hizi zimeanza lini?"

"Mwaka wa tatu sasa, Bi Mkubwa."

"Na hapa chini ya macho?"

"Muda kidogo."

"Na mie nakuita kitoto, nakubebesha mikoba." Akanishika shavu. "Mbona hukunambia kama umechoka?"

Daktari aliuliza kwenye simu yake kama mgonjwa anaona vizuri. Nilitaka kumjibu, na neno la Kichina la ndiyo nalijua kabisa, lakini nilikuwa nalia, ikabidi Bi Mkubwa amjibu mwenyewe kwa kidole gumba.